Mizani imegoma kwenye kilo 91: je, upasuaji wangu umeharibika?

Swali: Asalaam aleikum mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 38, mkazi wa Langoni, Lamu. Miezi 8 iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa baipasi ya tumbo huko Nairobi. Nilikuwa na kilo 124, na urefu wangu ni sentimita 160. Nilipungua vizuri hadi kilo 91, lakini hii ni wiki ya 5 mizani haisogei. Chakula changu ni kidogo mno: asubuhi chai na nusu hamri, mchana vijiko vinne vya wali kwa mchuzi wa samaki, jioni kahawa na tende barazani kwa dada, usiku uji. Natembea hadi Shela mara tatu kwa wiki. Nywele zinanitoka na nachoka upesi. Dada yangu asema tumbo limeshapanuka. Wengine waniambia nifunge Jumatatu na Alhamisi, au ninywe sanamaki ya kuharisha. Nadunga sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu. Nataka kufika kilo 65. Je, nizidi kupunguza chakula?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na hesabu, kwa kuwa barua yako imebeba tarakimu zote ninazozihitaji. Kutoka kilo 124 hadi 91 ni kilo 33, yaani karibu asilimia 27 ya mwili ulioingia nao chumba cha upasuaji. Nchini Uswidi kuna utafiti ulioanza mwaka 1987 ambao uliwafuata kwa miaka mingi watu waliopasuliwa ili wapungue uzito. Waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepungua kwa wastani asilimia 32 ya uzito wao wa mwanzo baada ya mwaka mmoja hadi miwili, na walipotimiza miaka 10 wastani wao ulikuwa umetulia kwenye asilimia 25. Kwa mtu aliyeanza na kilo 124, asilimia 32 humfikisha kilo 84 hivi. Wewe una miezi 8 tu, na umebakisha kilo 7 kufika hapo. Sasa hizo kilo 65 zilitoka wapi? Nadhani zilitoka kwenye lile jedwali la urefu na uzito linalobandikwa kwenye kuta za kliniki, ambalo halina habari ya mtu aliyeanzia alipoanzia. Wapo wanaopungua kuliko wastani na sikukatazi kutumaini, ila ukijipima kwa 65 utajiona umeshindwa hata siku ile daktari wako wa upasuaji atakapokupongeza kwa dhati.

Upasuaji wako, basi, haujaharibika, na jibu la swali lako la mwisho ni hapana: usipunguze chakula. Kwa ulivyokieleza, naona chakula cha kutafuna kimekuwa kidogo kupita kiasi, na cha kunywa na kuyeyuka kimekuwa kingi. Nitarudi hapo kwa urefu, kwani ndipo penye kiini cha jambo, lakini kwanza tuiangalie hiyo mizani yenyewe.

Mizani haipimi mafuta peke yake. Inapima mafuta, misuli, mifupa, damu, maji, kinyesi kilicho njiani na dera ulilovaa, kisha inakupa jawabu moja. Ndiyo maana wagonjwa wengi hukwama hata wiki ya 3 baada ya upasuaji, wakati ambapo hawali chochote ila vitu vya majimaji: siku za mwanzo mwili huteketeza akiba yake ya sukari iitwayo glaikojeni, ambayo kila gramu yake hushikana na gramu 3 hivi za maji, na kilo huporomoka, baadaye sehemu ya akiba ile hujazwa upya, maji yakarudi, na mizani ikatulia ilhali mafuta yanaendelea kupungua. Hali ya mwezi wa 8 si ile ya wiki ya 3, lakini maji bado yana sehemu yake. Mwanamke anaweza kubeba kilo moja au mbili za maji siku za kukaribia hedhi. Aliyefunga choo siku nne hubeba na uzito wake. Na aliyekula ng'onda usiku pamoja na achari huamka na chumvi iliyoyazuia maji mwilini.

Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, vijana 36 wa kiume waliojitolea walilishwa kwa miezi 6 takriban nusu ya chakula walichokihitaji, chini ya uangalizi wa mtafiti Ancel Keys. Miili yao ilijifunza kutumia nguvu kidogo kuliko ilivyotarajiwa kwa uzito wao, na miguu yao ilivimba maji, hata mizani ikawa inaficha sehemu ya kile walichokuwa wanakipoteza. Nautaja mfano huu kwa sababu ya wale wanaokuambia kwamba mwili ukinyimwa chakula huacha kabisa kupungua. Hauachi, hupunguza mwendo, huficha kwa maji, na kibaya zaidi hula misuli.

Kwa hiyo chukua futi ya fundi cherehani na ujipime kiuno penye kitovu, nyonga, na mkono wa juu, kila baada ya wiki mbili, uandike. Leso iliyokuwa ikikutana kwa shida mbele, na ambayo sasa inazunguka na kubakisha ncha ya kupindisha, ina habari ambayo mizani haina. Mizani yenyewe ipande mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya haja na kabla ya chai, na iwe mizani ileile, kwa sababu ya duka la dawa na ya kliniki ya Nairobi hazitoki fundi mmoja. Ikiwa futi inashuka huku mizani imesimama, huna tatizo la kutibu.

Ikiwa futi nayo imesimama, hapo tuna kituo cha kweli, na sababu yake ya kwanza haina lawama ndani yake. Mashua ya kuvuka kwenda Mokowe ikijaa abiria hula petroli nyingi, na ikirudi nusu tupu hula kidogo. Mwili wako umeshusha abiria wa kilo 33. Nguvu unayoitumia kupanda ngazi za nyumba, kutembea mchangani hadi Shela, hata kulala tu na kupumua, ni ndogo kuliko ile ya mwaka jana. Chakula kilichokupunguza ulipokuwa na kilo 110 kinaweza kabisa kukusimamisha kwenye 91, bila wewe kuongeza tonge hata moja.

Sasa nifike kwenye tumbo ambalo dada yako anasema limepanuka. Katika baipasi, daktari hutenga mfuko mdogo juu ya tumbo, ambao mwanzoni huchukua mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani, kisha huuunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikaruka sehemu kubwa ya tumbo la asili na sehemu ya mwanzo ya utumbo. Mfuko ule hulegea kidogo kwa kila mtu kadiri miezi inavyopita. Ni kawaida, na asiye na mfuko uliolegea kidogo mwezi wa 8 angekuwa mgonjwa wa kutapika. Aidha, mabadiliko ya homoni za utumbo, zile zinazopeleka habari ya njaa na shibe kwenye ubongo, ndiyo yaliyokuondolea njaa miezi ya kwanza, na makali yake hupungua baadaye. Njaa inayorudi kwa hiyo haimaanishi kwamba mshono umefumuka. Ningeshuku mfuko au tundu la kuunganisha iwapo ungeniambia kwamba unamaliza sahani nzima ya nyama na wali bila kuhisi chochote, na kwamba kilo zinarudi juu. Hujaniambia hivyo.

Unachoniambia ni hiki: nusu hamri kwa chai. Hebu tulitazame hamri hilo. Limekaangwa kwa mafuta, limetiwa sukari na tui. Likiliwa kavu lingekupa kazi ya kutafuna, na pengine lingekukaa kifuani hata ukaliacha. Lakini watu wa pwani hawali hamri kavu, hulichovya. Hamri lililochovywa kwenye chai hulainika likawa kama uji, na uji haukai kwenye mfuko, huteremka kwenye utumbo dakika ileile, nawe unabaki na nafasi ya kikombe cha pili. Wali wa nazi uliorojeka kwa mchuzi hufanya vivyo hivyo, na uji wa usiku ni dhahiri. Upasuaji ulikuwekea kizuizi cha tonge. Kikombe kinapita bila kizuizi chochote. Hii ndiyo sababu mgonjwa anaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba hali kitu, na mizani ikasimama.

Hukuandika idadi ya vikombe vya chai wala sukari yake, nami sikulaumu, kwani hakuna mtu wa Lamu anayehesabu chai kuwa ni chakula. Tuseme ni vikombe 6 kwa siku, pamoja na vya wageni, kila kimoja na vijiko viwili vidogo. Hivyo ni vijiko 12, gramu 48 za sukari, takriban kalori 190, kabla ya kuhesabu maziwa. Kwa mtu ambaye katika kipindi hiki anakula labda kalori 1,000 kwa siku, hiyo ni karibu sehemu moja ya tano, na haikumletea hata chembe ya protini. Kahawa chungu ya barazani haina neno, ila tende haziji moja. Tende ya kawaida ina sukari ya gramu 5 hivi, zile kubwa nene hupita 10, na halua sitaki hata kuihesabu. Baadhi ya waliofanyiwa baipasi wakila kitu kitamu moyo huwaenda mbio, jasho likawatoka na tumbo likawaendesha, kwa hiyo hujifunza kukiacha. Wengine hawapatwi na lolote, na usingoje mwili ukukataze.

Badala ya kupunguza, geuza mpangilio. Lengo lako la kila siku liwe protini isiyopungua gramu 60, na ikifika 80 ni bora. Ukiihesabu siku uliyoniandikia, sioni namna ipite 20. Pwani hatuna udhuru katika hili: kipande cha changu au kolekole kinachoenea kiganja bila vidole, kama gramu 80 kikiwa kimeiva, kina gramu 18 hivi za protini, yai moja lina 6, kikombe kikubwa cha mtindi kina 8, nusu kikombe cha mbaazi zilizoiva kina 5 au 6. Mayai mawili asubuhi, samaki mchana, mtindi alasiri, samaki tena na mbaazi usiku, tayari umevuka 60. Anza na samaki hadi amalizike, fuatisha mboga, na wali uje mwisho ikiwa nafasi imebaki. Mara nyingi haitabaki. Mchuzi upikwe kwa tui la pili, kwani tui la kwanza lililo zito lina takriban kalori 230 katika kila gramu 100. Pweza ni mzuri mno kwa protini, lakini mchemshe hadi alainike na umkate vipande vya ukubwa wa punje ya mbaazi, maana nimeona mtu akikwamwa na pweza mezani na si jambo la kutazama. Usinywe kitu pamoja na chakula, na ukishamaliza ngoja nusu saa kabla ya kunywa. Kati ya mlo na mlo kunywa maji kidogo kidogo hadi utimize lita moja na nusu. Dafu ni zuri, ila nalo lina sukari yake, basi lisiwe maji yako ya siku zote.

Kuna jambo la sinia ambalo vitabu vya wenzetu wa nchi za baridi havilisemi. Tunapokula watu watano kwenye sinia moja ya biriani, hakuna anayejua alichokula. Mkono unakwenda na kurudi, mazungumzo ni matamu, mwenyeji anakusogezea nyama na kukuapisha uonje. Omba kisahani chako, ukitenge kabla ya sinia kufunguliwa, useme daktari ameagiza. Watanung'unika mara ya kwanza na ya pili, kisha watazoea. Na kuhusu kudonoa jikoni wakati wa kupika, kijiko cha mchuzi hapa, bajia moja pale, kaimati iliyopasuka ambayo haifai kupelekewa wageni: kudonoa huko ndiko kunakowasimamisha kina mama wengi kuliko mlo wenyewe.

Matembezi ya Shela ni mazuri na usiyaache. Yanaimarisha moyo, lakini hayatoshi kulinda misuli, na misuli ndiyo inayotumia nguvu hata ukiwa umelala. Mara tatu kwa wiki, keti barazani kisha usimame bila kushika kitu, mara 10, upumzike, urudie mara tatu. Jaza maji madumu mawili ya lita 5, ambayo ni kilo 5 kila moja, uyanyanyue kutoka sakafuni hadi kiunoni ukiwa umenyoosha mgongo. Ukianza na nusu dumu si aibu.

Sindano ya miezi mitatu inahitaji maneno ya pekee. Ni miongoni mwa njia za kupanga uzazi zinazojulikana kuwaongezea baadhi ya wanawake uzito, na inaweza kuwa sehemu ya kukwama kwako. Hata hivyo usiikatize peke yako, kwa sababu mimba haitakiwi kabla ya miezi 12 hadi 18 tangu upasuaji, na uzazi huongezeka mtu anapopungua. Wanawake waliokaa miaka bila kushika mimba hushtukia. Vidonge navyo havitegemewi baada ya baipasi, kwa kuwa huenda visifyonzwe vizuri. Mwulize muuguzi wa uzazi kuhusu koili ya shaba, isiyo na homoni, ila iwapo hedhi yako ni nzito mwambie, kwani koili hiyo huweza kuizidisha na wewe tayari una hatari ya kupungukiwa damu. Mweleze pia daktari dawa nyingine zote unazotumia: insulini, baadhi ya dawa za kisukari, za msongo wa mawazo na zile za jamii ya steroidi huzuia kupungua, na steroidi wakati mwingine huchanganywa kwa siri katika dawa za maungo zinazouzwa bila jina.

Nywele kutoka kati ya mwezi wa 3 na wa 6 ni jambo la kawaida kwa anayepungua haraka, lakini kwako zinaendelea hadi mwezi wa 8 pamoja na uchovu, na lishe yako ina protini kidogo, kwa hiyo nataka damu ipimwe: wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma, vitamini B12, vitamini D, na utendaji wa tezi ya shingo, ambayo ikizembea humchosha mtu na kumsimamisha uzito. Vitamini na madini baada ya baipasi ni vya maisha. Kalsiamu igawanywe mara mbili au tatu kwa siku, na iachane na chuma kwa saa mbili, kwani vikikutana kimoja humzuia mwenzake. Ukivinywa vyote kwa mkupuo pamoja na chai ya maziwa, kama wengi wanavyofanya ili wamalize kazi, chuma hicho karibu umekitupa.

Sanamaki iache dukani. Inachokitoa ni maji na chumvi za mwili, pamoja na potasiamu ambayo moyo unaihitaji. Mizani itashuka kilo moja na nusu, na ukishakunywa maji itarudi. Kufunga nako, dada yangu, naliheshimu kama ibada, lakini si dawa ya kukwama. Mfuko wako hauwezi kulipa baada ya magharibi maji na protini za mchana kutwa, na hiyo ndiyo sababu madaktari wa upasuaji kwa kawaida huwataka wagonjwa wangoje angalau mwaka, wengine mwaka na nusu, kabla ya kurejea kufunga. Funga za Jumatatu na Alhamisi ni sunna, zinaweza kusubiri. Habari ya Ramadhani zungumza mapema na daktari na shehe wako. Vivyo hivyo ile mifungo ya siku tano za supu na maji ambayo watu husambaziana kwenye simu kwa madai kwamba inarudisha mfuko kuwa mdogo: haiurudishi.

Jambo moja usilingojee miadi. Mtu aliyepungua sana baada ya baipasi anaweza kupatwa na utumbo kujipenyeza na kujisokota kwenye nafasi zilizobaki ndani, kwa kuwa mafuta yaliyokuwa yakizijaza yamekwisha. Ukipata maumivu makali ya tumbo yanayokuja kwa mawimbi, hasa baada ya kula, pamoja na kutapika, nenda Hospitali ya King Fahd saa hiyohiyo, hata usiku, useme mara tu unapofika kwamba umefanyiwa baipasi ya tumbo. Usitulize maumivu kwa ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini. Dawa hizo huchimba kidonda kwenye mshono. Kutapika kwa siku kadhaa mfululizo nako ni dharura, maana mwili huishiwa na vitamini B1 upesi, na upungufu wake huharibu mishipa ya fahamu.

Iwapo baada ya miezi mitatu ya kula hivi futi na mizani vyote vimekataa, au kilo zimeanza kurudi, hapo kuna njia za mbele: kuingiza kamera kutazama mfuko, au dawa za sindano za kupunguza uzito kama semaglutidi na liraglutidi, ambazo daktari anaweza kuziandika hata kwa aliyekwisha kupasuliwa, ingawa bei yake ni kubwa. Kurudia upasuaji ni la mwisho kabisa na hatari yake ni kubwa kuliko ule wa kwanza. Huko hujafika. Kwa sasa nunua daftari dogo la shule, na kwa siku 14 andika kila kilichopita mdomoni pamoja na saa yake: vikombe, vijiko vya sukari, tende, kaimati iliyopasuka. Usibadilishe chochote siku tatu za kwanza, ili tuone ukweli ulivyo. Uende nalo kwenye miadi yako ya mwezi wa 9 tangu upasuaji, pamoja na vipimo vya futi, umkabidhi mtaalamu wa lishe kabla hajakupandisha kwenye mizani.